Chujio la Nano kwa Bomba Lisilokuwepo

Kuna hoja inayokubalika karibu kila mahali wanapokutana watafiti wa maji, maofisa wa mazingira na watoa fedha za miradi. Inakwenda hivi. Antibiotiki tunazomeza, na zile tunazowapa kuku na ng'ombe, haziishii mwilini. Sehemu kubwa hutoka na mkojo na kinyesi, ikaingia kwenye majitaka, ikafika mtoni na baharini. Huko hukaa kwa kiwango kidogo, kisichotosha kuwaua bakteria lakini kinachotosha kuwazoesha dawa. Mitambo yetu ya majitaka haikujengwa kuikamata. Kwa hiyo tutengeneze chembe za nano za oksaidi ya chuma, za kaboni, au za kitosani inayotengenezwa kutokana na maganda ya kamba, kwa kuwa chembe hizo zina uso mpana ajabu wa kunasia molekuli za dawa. Tuzifunge mwisho wa bomba. Maji yatoke safi, usugu upungue, pwani ipone.

Sijaipunguza hoja hiyo wala kuipindua. Nusu yake ya kwanza ni kweli tupu. Karibu nusu ya siprofloksasini anayomeza mgonjwa hutoka mwilini ikiwa vilevile, na amoksilini zaidi ya nusu. Kemia nayo ni ya kweli: ndani ya chupa ya maabara, chembe za oksaidi ya chuma zinaweza kunasa sehemu kubwa ya tetrasaiklini kwa saa moja au mbili. Na maradhi yenyewe si ya kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Hapa kwetu Tanzania tulikwisha kuonywa mapema. Uchunguzi wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto waliokutwa na bakteria wa kundi la gramu hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya wale wa malaria, ambao walikuwa asilimia 20.2. Usugu wa dawa ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyoamua nani apone na nani azikwe.

Ninachokikataa ni hitimisho. Sikubali kwamba kwa pwani hii, kuanzia Kunduchi, Mbweni na Bunju, kupita Mapinga, Kerege na Zinga, hadi Bagamoyo mjini na kuvuka Ruvu na Wami mpaka Saadani, mahali pa kuanzia ni chembe ya nano. Nasema kupanga kazi hivyo ni kosa, na kosa hili lina gharama, kwa sababu fedha na vichwa vinavyopelekwa huko vinaondolewa mahali vinapohitajika leo.

Kwanza: bomba lenyewe liko wapi?

Chujio linadai maji yaliyokusanywa. Lazima pawe na mfereji mmoja unaoingia na mfereji mmoja unaotoka. Ulaya hilo halina mjadala. Karibu kila tone la choo mijini limepelekwa kwenye mtambo kabla mtu hajafikiria kuongeza hatua ya mwisho ya kukamata dawa. Sasa tazameni kwetu. Dar es Salaam, jiji kubwa kuliko yote nchini, mtandao wa majitaka unafikia takriban mkazi mmoja kati ya kumi. Waliobaki wanategemea vyoo vya shimo na makaro. Bagamoyo ni vivyo hivyo, tena juu ya mchanga na matumbawe, ambako maji ya ardhini yako karibu na visima vya zamani vimechimbwa hatua chache kutoka vyooni.

Shimo likijaa, mwenye uwezo huita gari la kunyonya. Asiye na uwezo hungoja masika. Usiku wa mvua kubwa huchimba pembeni au hutoboa ukuta wa shimo, na kila kitu kikaondoka na mafuriko. Kutapisha choo si siri. Kila anayekaa bondeni anajua majirani wanafanya nini mvua ikipiga. Antibiotiki zilizomo humo, na bakteria waliozizoea, hupita uani, hupita njia wanayochezea watoto, hushuka mtoni. Katika safari hiyo nzima ni wapi pa kufunga chujio?

Halafu kuna kuku. Ukanda wa Bunju, Mapinga na Kerege umejaa mabanda ya kuku wa nyama na wa mayai, mengi ya watu wenye ndege mia chache nyuma ya nyumba. Vifaranga wakianza kuzubaa, mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo akanunua oksitetrasaiklini, tailosini au enrofloksasini, akachanganya kwenye maji ya kunywa ya banda zima, wagonjwa na wazima. Mara nyingi anachopambana nacho ni mdondo, ugonjwa wa virusi ambao antibiotiki haiugusi hata kidogo. Sehemu kubwa ya dawa hupita kwenye kinyesi na kuingia kwenye maranda. Maranda ya banda zima yakichakaa huzolewa, hutiwa magunia na kuuzwa kama mbolea kwa wenye bustani za mchicha na matembele. Mvua inayofuata huyaosha mabaki hayo mpaka Mto Mpiji, na Mpiji huingia baharini. Hapa hakuna majitaka kwa maana ya mhandisi. Kuna gunia, toroli na tuta la mboga.

Na Ruvu? Mto unaoipa Dar es Salaam na Bagamoyo maji ya kunywa, kupitia mitambo ya Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, hupokea Mto Ngerengere, ambao umepita katikati ya Morogoro. Morogoro ina hospitali, chuo kikuu cha kilimo, viwanda, mabwawa ya majitaka ya Mafisa, na mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji yatokayo kwenye mabwawa hayo. Kinachofika mdomo wa mto karibu na Bagamoyo kimeanza safari yake mamia ya vijito nyuma. Ukiweka chembe zako bora kuliko zote duniani kwenye mtambo mmoja wa pwani, umegusa uzi mmoja wa wavu mzima.

Watetezi wa nano hujibu kwamba mabomba yatakuja, na ni vyema teknolojia iwe tayari. Mabomba hayaji yenyewe. Yanakuja pale mtu anapoandika bajeti, na bajeti ikielekezwa kwenye kitu kinachong'aa, mfereji wa kawaida husubiri mwaka mwingine.

Pili: bakteria sugu hawangoji kufundishwa mtoni

Hoja ya nano inachukulia kwamba dawa ikitoka kwenye maji, usugu nao umetoka. Hapa ndipo inapopotoka zaidi.

Usugu mwingi uliomo kwenye majitaka yetu haukuzaliwa kwenye majitaka. Umezaliwa tumboni mwa watu na wanyama, na umeingia chooni ukiwa kamili. Utafiti wa watoto wa chini ya miaka miwili jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2016, uliwakuta takriban theluthi moja wakiwa wamebeba utumboni bakteria wenye uwezo wa kuvunja kizazi kizima cha dawa, zikiwemo seftriaksoni tunazotegemea wodini. Hao ni watoto wadogo, wengine wakiwa bado wananyonya. Kinyesi cha mtoto huyo kinapomwagwa, kinamwaga bakteria hai pamoja na vinasaba vya usugu, ambavyo bakteria hupeana wao kwa wao. Chembe ya nano iliyotengenezwa kunasa molekuli ya siprofloksasini humwacha bakteria huyo apite.

Mwaka 2018 kundi la wanasayansi likiongozwa na Peter Collignon lililinganisha takwimu za nchi 103. Matokeo yao yalipaswa kubandikwa ukutani katika kila wizara: tofauti za usugu kati ya nchi na nchi zilielezwa vizuri zaidi na hali ya miundombinu, vyoo na maji salama vikiwemo, na ubora wa utawala, kuliko kiasi cha antibiotiki kinachotumiwa. Mwaka uliofuata, Antti Karkman na wenzake walionyesha kwamba katika mazingira mengi yaliyoharibiwa na binadamu, wingi wa vinasaba vya usugu unaweza kuelezwa na wingi wa kinyesi tu, bila kuhitaji nadharia ya dawa kuwafundisha bakteria ndani ya maji. Mahali walipokuta tofauti iliyo wazi ni kwenye mashapo yaliyochafuliwa na viwanda vya kutengeneza antibiotiki kule India. Patancheru, karibu na Hyderabad, maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafisha taka za viwanda vya dawa yaliwahi kupimwa yakiwa na siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko kinachopatikana kwenye damu ya mgonjwa anayeitumia dawa hiyo.

Linganisheni na Afrika Mashariki. Katika bonde la Mto Nairobi watafiti wamepima sulfamethoksazoli, moja ya dawa mbili zinazounda kile tunachokiita septrini, kwa zaidi ya mikrogramu 10 kwa lita. Ni nyingi sana kwa mto, na chanzo chake si fumbo: septrini hupewa kila siku watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI ili kuwakinga na maradhi nyemelezi, na imeokoa maisha mengi. Lakini kiwango ambacho Bengtsson-Palme na Larsson walikadiria mwaka 2016 kuwa kinaanza kuwapendelea bakteria sugu dhidi ya dawa hiyo ni mikrogramu 16. Kwa siprofloksasini kikomo ni kidogo mno, mikrogramu 0.064, na hapo nakiri hofu ni ya haki. Hata hivyo mtu anayesimama kwenye kingo za mto wetu na kuona hatari yake kuu ni molekuli, huku kinyesi kikipita mbele ya macho yake, amechagua kuangalia kile ambacho maabara yake inaweza kukikamata.

Tatu: maji ya maabara si maji ya chemba

Soma makala yoyote ya chembe za kunasa antibiotiki na utakuta mwendo uleule. Dawa safi imeyeyushwa kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, kwa miligramu 10 hadi 100 kwa lita. Asidi imerekebishwa mpaka mahali chembe inapofanya kazi vizuri. Matokeo ni asilimia 90 na zaidi. Majitaka halisi yana mikrogramu chache za dawa hiyo, mara elfu kadhaa au zaidi pungufu ya kiwango cha jaribio, na yana sabuni, mafuta, mkojo, chumvi na uozo wa mimea, vyote vikigombania nafasi ileile juu ya chembe. Pwani hii inaongeza chumvi ya bahari inayopanda kwenye visima na mito. Molekuli za siprofloksasini na tetrasaiklini hubadilisha chaji yake ya umeme kadiri asidi inavyobadilika, kwa hiyo chembe inayozivuta asubuhi inaweza kuzisukuma jioni majitaka ya kiwanda yakichanganyika.

Fanyeni hesabu ndogo. Majaribio mengi hutumia karibu gramu nusu ya chembe kwa kila lita. Chukueni lita milioni 1 tu kwa siku, ambazo kwa mji ni kidogo. Zinadai kilo 500 za chembe kila siku. Zinaweza kusafishwa na kutumika tena, wataniambia. Zinaweza, kwa magadi makali au methanoli. Nani anayaagiza, anayahifadhi wapi Bagamoyo, na anayamwaga wapi yakishachafuka?

Hata ule upana wa uso unaotajwa kana kwamba nano peke yake ndiyo yenye nao haustahimili hesabu. Gramu moja ya chembe za oksaidi ya chuma zenye upana wa nanomita 10 ina uso wa mita za mraba 100 na ushei. Gramu moja ya mkaa wa vifuu vya nazi uliotobolewa vitundu kwa mvuke ina mita za mraba 500 hadi zaidi ya 1,000. Na nchi tajiri zilipoamua kukamata dawa kwenye majitaka yao, Uswisi kwa sheria iliyoanza mwaka 2016, zilichagua ozoni na mkaa wa namna hiyo. Hazikuchagua nano. Vifuu vimejaa pwani yote hii, na hata hivyo maandiko ya kuombea fedha yanazungumzia grafini, kaboni ya nano.

Kuna baya zaidi. Mwaka 2012 watafiti walichapisha ugunduzi kwamba chembe za nano za oksaidi ya alumini ziliongeza kasi ya bakteria kupeana vinasaba vya usugu hadi mara 200. Simaanishi kila aina ya chembe inafanya hivyo. Namaanisha kwamba mtu anayetaka kutia chembe za nano kwenye maji yaliyojaa bakteria sugu anapaswa kuthibitisha kwanza kwamba haziwasaidii kuoana, na sijaona mradi unaoanza na jaribio hilo.

Jina la Askwar Hilonga hutajwa kila mara hapa. Mhandisi huyu wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio lake la mchanga na nano. Lakini chujio hilo ni la maji ya kunywa, linalorekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika, floridi kwa mfano, na husimamiwa na mtu anayeyauza maji hayo kwa majirani. Kulichukua jina lake na kulipachika kwenye mtambo wa majitaka ni kumtumia kwa kazi ambayo hakuidai.

Nne: kunasa si kuangamiza

Hili nitalisema kwa ufupi kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Chembe inayonasa dawa haiivunji. Dawa iliyokuwa imetawanyika ndani ya maji sasa imekusanyika kwenye tope zito la unga mweusi. Tope hilo linataka tanuri la moto mkali au dampo lililofungwa chini lisivuje. Tukilimwaga kwenye jalala la kawaida, mvua itairudisha dawa ardhini ikiwa imekolea kuliko ilivyokuwa, ikiongozana na chembe zenyewe. Pembezoni mwa Ruvu na Wami kuna mikoko na mazalia ya kamba ambayo wavuvi wa Bagamoyo wanaishi kwayo. Chembe ndogo zinazokwepa sumaku au chujio huishia huko, na viumbe wanaochuja maji ili wale, kama chaza, watazikusanya.

Tano: nani atajua kwamba limejaa?

Chujio lolote la kunasa hufika siku likajaa, na kuanzia siku hiyo maji hupita na dawa zake zote. Kwa macho hayatofautiani na ya jana. Kulijua kunahitaji mashine ya kupima nanogramu kwa lita, mtaalamu wa kuiendesha, gesi, vimiminika vya kuagiza kutoka nje na umeme usiokatika. Tuna mashine za aina hiyo chache, nazo zina foleni ya kazi nyingine.

Sheria nayo haidai. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zinataka majitaka yanayomwagwa yasizidi miligramu 30 za uhitaji wa oksijeni ya kibiolojia na miligramu 60 za ule wa kemikali kwa lita. Zinataja metali na mafuta. Antibiotiki hazimo. Meneja wa mtambo hapati faini chujio likijaa, wala hapati sifa likifanya kazi. Mafungu ya mradi yakiisha, kitu cha kwanza kuachwa ni kile ambacho hakuna anayekikagua. Pampu ngapi na visafisha maji vingapi vimekufa hivyo katika wilaya zetu, kila mkazi wa pwani anaweza kuhesabu vya kijijini kwake.

Sita: bili inapelekwa kwa asiyeikopa

Umoja wa Ulaya ulipofanyia marekebisho sheria yake ya majitaka ya mijini mwaka 2024, uliandika kwamba watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama ya hatua hiyo ya ziada ya kusafisha. Walioleta kitu sokoni ndio watakaolipia kukiondoa majini. Wazo la nano kwetu halina kifungu cha namna hiyo. Gharama yake ingeingia kwenye ankara ya DAWASA, mamlaka ya maji, yaani kwa mama wa Kerege anayenunua maji kwa ndoo, au kwenye mkopo ambao mtoto wake ataulipa. Nasema waziwazi kwamba hiyo ni dhuluma, na inazidi kuwa dhuluma ikiwa mama huyo bado anatumia choo cha shimo.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kwanza kuhusu majitaka na taka ngumu za viwanda vinavyotengeneza antibiotiki. Mkoa wa Pwani unavuta viwanda vipya, vya dawa vikiwemo, Kibaha na kwingineko. Wakati wa kuwaandikia masharti ni kabla msingi haujachimbwa. Hapo, kwenye lango la kiwanda cha antibiotiki, ambako bomba lipo moja, dawa imekolea na mwenye kulipa anajulikana, chembe za kunasa zina nafasi ya kujaribiwa. Hospitali kubwa yenye karo lake yenyewe ni mahali pengine. Zaidi ya hapo sioni.

Basi kazi iko wapi?

Iko pale dawa inapoingia kinywani, na pale kinyesi kinapotoka nje ya shimo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwatuma watu wajifanye wateja katika maduka ya dawa ya Moshi. Zaidi ya maduka 9 kati ya 10 yaliwauzia antibiotiki bila cheti. Pwani sina sababu ya kuamini tuko tofauti. Mazungumzo yenyewe ni ya kila siku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Kifua. Nipe amoksilini za kuanzia, nyingine nitafuata nikipata hela."

Muuzaji anahitaji mauzo, na kijana anahitaji kwenda kazini kesho. Amri ya kupiga marufuku bila kumpa huyo kijana kituo cha afya chenye mganga na kipimo itamhamishia kwa muuzaji wa chinichini. Bagamoyo ina bahati isiyo ya kawaida: Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapa, na chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio hapa na Korogwe. Tunajua kutokana na tafiti za Tanzania na nchi nyingine kwamba vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, wengi walioonekana hawana malaria walipewa antibiotiki badala yake, kwa kuwa mganga hakuwa na jingine la kuwapa. Kumpa mganga huyo kipimo cha pili, na muda wa kumweleza mama kwamba homa hii ya virusi itapita, kutapunguza dawa kwenye maji kuliko mtambo wowote, kwa kuwa dawa hiyo haitamezwa kabisa.

Kwa kuku, chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayostahimili joto na inayotiwa matone jichoni, inatengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ifike Mapinga kwa wakati, katika chupa ndogo zinazomfaa mwenye kuku hamsini, na ofisa mifugo awe na nauli ya kuizungusha. Mbolea ya kuku irundikwe na kuachwa ipate joto kwa wiki kadhaa kabla ya kutiwa kwenye mchicha. Joto la rundo hupunguza tetrasaiklini nyingi na huua sehemu kubwa ya bakteria. Siprofloksasini na ndugu zake huvumilia zaidi, ndiyo maana hawafai kutiwa kwenye maji ya kuku tangu mwanzo.

Kwa vyoo, jambo la haraka ni magari ya kunyonya na mahali pa kumwaga. Jirani yangu hataita gari kama bei yake inalingana na kodi ya miezi, na dereva hatasafiri kilomita 60 kufika bwawani ikiwa kichaka kiko kilomita 5. Bwawa la kutuliza majitaka, lenye kina kinachofaa na siku za kutosha za kukaa kwenye jua la pwani, huua bakteria wa kinyesi bila umeme wala kemikali, na jua lilelile huvunja sehemu ya siprofloksasini na tetrasaiklini. Septrini itabaki kwa kiasi fulani. Naikubali hasara hiyo kwa sasa, kwa sababu bakteria hai ndio wanaomfikia mtoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miaka mingi ya utafiti wa mabwawa haya na vitalu vya matete vinavyoyafuata. Tayari tunayo elimu hiyo, kwa wahandisi wetu wenyewe. Inayokosekana ni mistari ya bajeti katika Halmashauri za Bagamoyo na Chalinze, na hiyo ndiyo Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa mwaka 2023 hadi 2028 unapaswa kuidai kwa sauti.

Na wale wakemia vijana ambao leo wanaandika tasnifu yao ya nne juu ya grafini na tetrasaiklini katika maji yaliyosafishwa? Wanahitajika mno. Wachukue chupa zao waanzie Morogoro, chini ya mabwawa ya Mafisa, wafuate Ngerengere hadi inapoungana na Ruvu, wapime Mlandizi, wapime Ruvu Chini, wapime mdomo wa mto na visima vya Bagamoyo, kisha Mpiji chini ya mabanda ya Bunju. Wapime kiangazi, warudi masika usiku vyoo vinapotapishwa. Wapime dawa, na katika sampuli ileile wapime bakteria sugu wa E. koli na vinasaba vyao. Ramani hiyo ndiyo itakayotuambia shimo lipi lizibwe kwanza, na itagharimu kidogo sana ukilinganisha na mtambo mmoja.